Kusoma Vyuo Viwili Si Kutangatanga

Mwandishi aliyedai kwamba mwanafunzi wa California anayechukua masomo katika vyuo vya jamii viwili au vitatu kabla ya kuhamia chuo kikuu amedhihirisha tabia ya kutotulia, na kwa hiyo astahili kutiliwa shaka, ametoa hukumu pasipo kuwatazama anaowahukumu. Vyuo hivyo, vilivyo zaidi ya mia moja, ni vya umma na vya mfumo mmoja. Na mtu afanyaye kazi mchana, akikuta darasa la kemia limejaa, au halifundishwi jioni chuoni kwake, hana budi kulifuata katika chuo jirani, ama sivyo muhula umpite bure. Hiyo ni bidii, wala si utepetevu!

Lenye kustahili hadhari ni jingine, naye hakuligusa. Vyuo vya jamii vya De Anza na Foothill hufuata mihula ya robo mwaka, ilhali vyuo vingi vya jimbo hilo hufuata mihula ya nusu mwaka, hata krediti tatu za huko zikahesabiwa mbili huku. Basi aanzaye kalkulasi chuo kimoja na kuimalizia kingine aweza kurukwa na sura nzima, au kurudia aliyokwisha kuyasoma. Mfululizo kama huo na umalizwe ulipoanzia. Tena kila chuo, hata kile alikosoma somo moja tu akafeli, sharti kitajwe katika maombi ya kuhamia chuo kikuu, maana kuficha ndiko kunakoweza kumbatilishia nafasi aliyokwisha kupewa.