Nyumba za Kupangisha Watalii Karibi

Baadhi ya jamaa zetu walioko Marekani na Uingereza hutuuliza juu ya kununua nyumba katika visiwa vya Karibi ili kuwapangishia watalii. Biashara hiyo kwa asili yake ni halali, na pato lake si la kudharauliwa: tangu Disemba hadi Aprili watu wa nchi za baridi humiminika huko kutafuta jua, na kodi hupanda.

Lakini muuzaji hutaja miezi hiyo tu. Msimu wa vimbunga, Juni hadi Novemba, haumo katika maelezo yake. Septemba 2017 kimbunga Irma kiliipiga Barbuda, wakazi wake wote wakahamishwa. Wiki mbili baadaye Maria kikazivunja Dominica na Puerto Rico. Julai 2024 ikawa zamu ya Carriacou, na Oktoba 2025 ya Jamaica. Hata nyumba iliyosalimika hukosa wageni uwanja wa ndege ukifungwa. Bima nayo ni ghali, na msimamizi anataka ujira wake, maana mwenye mali yuko mbali.

Tunachokihofia zaidi ni mkopo wa riba. Kimbunga kikichukua paa, deni linabaki palepale, na riba yake haingoji ukarabati. Anayetaka, anunue kwa fedha ya ziada, isiyo ada ya watoto wala akiba ya Hija, au ashirikiane na wenzake kwa mkataba wa kugawana faida na hasara. Na kabla ya kulipa, adai kuoneshwa hesabu za nyumba ile za mwaka wa kimbunga, si za Januari peke yake.