UJI WA SHULE UTOKE GHALANI MWETU

Ndugu wanakijiji na wanaushirika,

Kipupwe kimeingia. Mvua zimekatika, mahindi yanakauka shambani, na huku juu Njombe si mnaona wenyewe baridi ya mwezi wa sita na wa saba ilivyo. Upande wa Kitulo umande unaganda kwenye majani mpaka jua lipande.

Baridi hiyo hiyo ndiyo inayowapokea watoto wetu shule zikifunguliwa kwa muhula wa pili. Wanatoka nyumbani ukungu haujanyanyuka, miguu imelowa, wengine wamevaa kandambili. Wakifika wanajipanga nyuma ya darasa kuota jua, wakubwa wakiwakinga wadogo upepo, mpaka kengele ilie. Mtoto huyo akikaa mpaka saa nane mchana bila kitu tumboni, hivi jamani, hesabu za kugawanya zitamwingia wapi? Hata kalamu vidole vinakataa kuishika.

Sisi tunasema hivi: uji wa saa nne uwe ni jambo la ushirika, na mchango wake utolewe sasa wakati wa kuvuna, siyo Januari wakati kila ghala limebaki na panya tu.

Wapo wenzetu wanaosema, "Elimu ni bure bwana, serikali italeta." Tuelewane hapo. Ni kweli, tangu mwaka 2016 ada imefutwa kuanzia shule ya msingi mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na sita. Hilo ni jema na tunalishukuru. Lakini chakula cha mtoto wa shule ya kutwa kilibaki mikononi mwa mzazi. Hata mwongozo wa taifa wa chakula shuleni unatutaka wazazi na jamii tushiriki. Tukikaa kusubiri, anayekaa na njaa ni mtoto, siyo sisi.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kikombe kimoja cha uji kinataka unga gramu 50 hivi. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Basi mtoto mmoja kwa mwaka mzima anamaliza kilo 10 kasoro kidogo. Debe moja la mahindi ni kilo 18 hivi, na yakisagwa dona hakuna pumba ya kutupa. Kwa hiyo debe moja linamtosha mtoto mwaka mzima na kilo 8 zinabaki! Hizo zilizobaki zitawanywesha watoto wa kaya zisizo na uwezo, na nyingine zitaingia kwenye makande siku za baridi kali. Debe moja tu, ndugu zetu. Mlanguzi akija na lumbesa yake anaondoka na zaidi ya hilo bure, na hatumdai.

Wengine wanasema, "Mahindi yetu yataliwa na wakubwa." Neno hilo tusilidharau, maana mali ya wengi isiyo na daftari huota miguu. Dawa yake ni hii: mahindi yapimwe kwenye ghala la ushirika mbele ya watu, karani aandike jina na kilo, mwalimu wa zamu na mzazi mmoja watie sahihi kila gunia linapotoka, na kila mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe hapa hapa ukutani. Mwenye macho asome, asiyesoma asomewe na mwanawe.

Na jambo hili lisisahaulike: mtoto ambaye kwao hawajatoa debe asinyimwe kikombe wala kurudishwa nyumbani. Deni ni la mzazi. Tumfuate mzazi.

Kuhusu kuni, kila kaya itoe mzigo mmoja, ziletwe na watu wazima kwa siku moja ya kazi. Tusiwatume watoto porini alfajiri na ukungu huu.

La mwisho ni kwa vijana wa sekondari waliopanga vyumba. Tunasikia wanalala na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa. Moto huo unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu analala moja kwa moja. Mwenye nyumba aliye karibu awakague usiku, jiko litoke nje. Mzazi afadhali auze kuku anunue blanketi.

Tunaomba mambo haya yaingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa ushirika kabla mahindi hayajaanza kuuzwa. Mkono mmoja haulei mwana. Njooni na madebe.

Ni sisi,
Kamati ya Gazeti la Ukutani