Mashine ya mazoezi si kamba ya kuanikia nguo

Msomaji mpendwa, bila shaka umewahi kuingia katika nyumba ya rafiki ukakuta mashine ya kukimbilia imesimama pembeni mwa sebule, imefunikwa nguo. Shati huku, taulo kule, soksi za watoto juu ya kile kioo kinachoonyesha kasi. Ukiuliza, utaambiwa ilinunuliwa Januari kwa shangwe na vigelegele. Kufikia Machi ilikuwa imekwisha kustaafu.

Siwacheki wenzangu, maana yametupata hata sisi. Miaka michache iliyopita, daktari alimwagiza mama yangu mzazi atembee nusu saa kila siku kwa sababu ya shinikizo la damu. Alfajiri mama aliogopa vibaka, jioni aliogopa matatu na bodaboda. Basi sisi watoto wake tukachanga fedha tukamnunulia mashine hiyo, ambayo wauzaji huiita tredimili. Tulichagua kubwa, yenye mataa kama ya disko. Mama aliipanda siku moja tu. Ukanda ulianza kwa kasi asiyoitarajia, akashuka akitetemeka. Kwa miezi minne ikawa kazi yake ni kuanikiwa leso. Makosa yalikuwa yetu, si yake, na leo nataka yakufae wewe.

Kwanza, jiulize ni nani atakayeitumia na kwa mwendo gani. Anayetembea tu atatosheka na ukanda wa urefu wa sentimita 120 hivi na upana wa sentimita 40. Anayekimbia anahitaji urefu wa sentimita 140 au zaidi na upana wa 50, la sivyo miguu itakosa pa kutua. Angalia pia uzito ambao mashine inaweza kubeba. Ikiwa imeandikwa kilo 100 nawe una kilo 98, iache. Tafuta inayokuzidi kwa kilo 20 hivi.

Pili, uliza habari za mota. Muuzaji atakutajia nguvu za farasi 4 kwa sauti kubwa, lakini mara nyingi hiyo ni nguvu ya sekunde chache tu. Mwambie akuonyeshe nguvu ambayo mota inahimili mfululizo. Kwa kutembea, 1.5 hadi 2 zatosha. Kwa kukimbia, usishuke chini ya 2.5.

Tatu, umeme. Stima yetu ni ya volti 240, ilhali mashine nyingi zilizotengenezewa soko la Marekani hutaka volti 120. Jamaa akikuletea moja kutoka huko, soma kibandiko kabla hujachomeka plagi. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kurefushia unaogawana na friji na televisheni. Tokeni zisikutishe sana: mashine inayovuta wati 600 kwa nusu saa hula uniti 0.3 tu.

Nne, nafasi. Acha mita 2 wazi nyuma yake na nusu mita kila upande. Ukiteleza, ukanda hukutupa nyuma, na ole wako kama nyuma ni ukuta au meza ya kioo. Wanaoishi kwenye fleti watandike mpira mzito chini yake, jirani wa chini naye apate usingizi.

Hapa naomba mzazi anisikilize vizuri. Ukanda unaozunguka huchuna ngozi ya mkono wa mtoto kufumba na kufumbua, na unaweza kumvuta chini ya mashine. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton nchini Marekani ililazimika kurudisha mashine zipatazo 125,000 za aina moja, baada ya mtoto mmoja kufariki na wengine kuumia. Kila mashine nzuri ina ufunguo wa usalama wenye kamba ya kubana kwenye nguo. Ukianguka, ufunguo huchomoka na ukanda husimama. Ubane kila unapopanda. Ukishuka, uchomoe ukaufiche, na uzime umeme ukutani.

Na matumizi je? Vaa raba. Simama pembeni, miguu nje ya ukanda, uwashe kwa kilomita 1 kwa saa, ndipo ukanyage. Tembea polepole dakika 5, kisha uongeze mpaka ufikie mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Usining'inie kwenye vishikio, maana hapo mikono inaipunguzia miguu kazi. Usiruke chini ukanda ukiwa unakwenda. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri angalau dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku 5. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Kabla hujatoa fedha, jaribu jambo moja. Tembea nusu saa uani au kwenye ngazi za ploti kwa mwezi mzima. Ukishindwa na ngazi za bure, mashine haitakuponya uvivu.

Ile ya mama hatukuiuza. Tuliitoa chumbani tukaiweka mbele ya televisheni, na mjukuu wake akawa anasimama kando yake, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Walianza na kilomita 1 kwa saa, dakika 5 tu. Leo mama hutembea taarifa nzima ya habari kwa kilomita 4 kwa saa, akiwagombeza wanasiasa. Dawa zake hajaziacha, na kliniki haikosi. Ila leso zimerudi kwenye kamba.

Mwenda pole hajikwai. Tuonane Jumapili ijayo, inshallah.