ADA YA KUEGESHA MOTOKAA KATIKA BUSTANI ZA WANYAMA: HASIRA YA MGENI HUMWANGUKIA ASKARI

Kuna hadithi moja ambayo imesimuliwa sana juu ya mji wa Bristol, nchini Uingereza. Husemwa kwamba nje ya bustani ya wanyama ya mji huo palikuwa na uwanja wa kuegesha motokaa 150 na mabasi 8. Kwa muda wa miaka 25, mtu mmoja mpole na mwenye adabu alisimama hapo kila siku akiwa na tiketi zake, akitoza pauni 1 kwa kila motokaa na pauni 5 kwa kila basi. Siku moja hakufika kazini. Wakuu wa bustani wakapiga simu kwa baraza la mji, wakaomba waletewe mtoza ada mwingine. Baraza likajibu kwamba uwanja ule ni wa bustani yenyewe. Bustani nayo ikasema kwamba mtu yule ni mtumishi wa baraza. Ndipo ikadhihirika kwamba hakuwa mtumishi wa yeyote, na kwamba wakati huo yuko ughaibuni, anakula jasho la watu wengine.

Tuwaambie wasomaji wetu mapema kwamba jambo hilo halikutokea. Gazeti la mji huo, Bristol Evening Post, lililichunguza mwaka 2009, na bustani pamoja na baraza zote mbili zikakana. Hata hivyo hadithi haikufa. Imevuka bahari, imesimuliwa katika nchi nyingi, na wengi bado huiamini. Sisi tunauliza: kwa nini uongo huu umeaminika kwa urahisi namna hii? Jibu letu ni fupi. Kila mwenye motokaa anakumbuka siku ambayo yeye mwenyewe alitoa fedha dirishani, akampa mtu asiyemjua, bila kuuliza ametumwa na nani.

Tumeona inafaa kulizungumza jambo hili na askari wetu, wa jeshi na wa polisi, kwa sababu siku za sikukuu askari ndiye husimama langoni. Hakuweka ada yeye, wala hapati chochote kutokana nayo, lakini mgeni aliyekasirika humwona yeye kwanza.

HABARI YA SAN DIEGO

Mfano ulio wazi kabisa wa siku hizi unatoka San Diego, katika jimbo la California, Marekani. Huo ni mji wa mabaharia. Jeshi la majini la Marekani lina kituo kikubwa huko, na wakati wa Vita Kuu ya Pili lilichukua sehemu kubwa ya Balboa Park, bustani kuu ya mji, likaigeuza kambi. Majumba ya maonyesho yakawa wodi za wagonjwa. Ardhi hiyo ilitengwa na mji kwa ajili ya wananchi tangu mwaka 1868. Ndani yake ndimo ilimo bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1916 na daktari Harry Wegeforth, ambayo leo ni miongoni mwa zenye sifa kubwa duniani.

Kwa miaka mingi sana mwananchi wa San Diego alizoea kuingia Balboa Park na kuegesha motokaa yake bila kulipa. Kwenye bustani ya wanyama alilipa tiketi ya mlangoni, nayo si rahisi. Kwa mtu mzima imekwisha kupita dola 70. Lakini mahali pa kuacha gari hapakuwa na bei. Jambo hilo lilikuwa kama desturi ya nyumbani: halikuandikwa popote, lakini kila mtu alilijua.

Mwezi Novemba 2024 wapiga kura wa mji huo walikataa, kwa kura chache tu, pendekezo la kuongeza kodi ya mauzo. Serikali ya mji ikabaki na pengo kubwa katika bajeti yake, ikaanza kutafuta fedha kila pembe. Mapema mwaka 2025 bei ya kuegesha barabarani iliongezwa maradufu, kutoka dola 1.25 hadi dola 2.50 kwa saa. Kisha zamu ya Balboa Park ikafika. Tarehe 5 Januari 2026 ada ilianza kutozwa humo, na siku hiyohiyo bustani ya wanyama nayo ikaanza kutoza katika uwanja wake.

Bei zilipangwa kwa ngazi, kufuatana na umbali wa uwanja. Katika viwanja vilivyo karibu zaidi, asiye mkazi alitakiwa kulipa dola 16 kwa siku. Mkazi alipewa nusu ya bei, dola 8, lakini kwanza alipaswa kujiandikisha, kuthibitisha kwamba anaishi mjini humo, na kulipa dola 5 kwa ajili ya uthibitisho huo. Hapo ndipo maneno yalipozidi. Watu walisema: imekuwaje mwenye nyumba kulipia hati ya kuonyesha kwamba yeye ni mwenye nyumba?

Majumba ya makumbusho yaliyomo katika bustani hiyo yalilalamika kwamba wageni wamepungua. Wazee waliokuwa wakienda kutembea asubuhi walinung'unika. Makisio ya mapato, yaliyokuwa makubwa hapo mwanzo, yakashushwa. Haikupita miezi miwili meya, Bwana Todd Gloria, akatangaza kulegeza masharti kwa ajili ya wakazi wa mji.

KISA CHA HASIRA

Msomaji anaweza kushangaa. Mtu aliyekubali kutoa zaidi ya dola 70 kwa kila mtu mzima ili amwone simba na tembo, kwa nini apandwe na hasira kwa ajili ya dola 16 za gari zima? Hesabu haimtetei. Lakini moyo wa binadamu haufuati hesabu peke yake, na askari anayesimamia watu hana budi kuujua moyo huo.

Sisi tunaona sababu tatu. Ya kwanza ni saa ya kudaiwa. Mgeni amesafiri mwendo mrefu, watoto wamo ndani ya gari wanapiga kelele za furaha, na nyuma yake motokaa nyingine zimepanga foleni. Hawezi kurudi. Ada anayokutana nayo mahali hapo haimpi nafasi ya kuchagua, na mtu asiye na nafasi ya kuchagua hujiona ametekwa. Ada ileile, kama angalikuwa ameijua tangu alipokuwa nyumbani, angaliiweka katika hesabu ya safari pamoja na mafuta na chakula.

Ya pili ni kwamba haoni anachonunua. Tiketi ya mlangoni inamwonyesha twiga. Tiketi ya maegesho inamwonyesha lami na mistari ya rangi nyeupe. Kwa macho yake, analipa kabla ya kulipa.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni kutojua fedha zinakwenda wapi. Serikali ya San Diego ilieleza kwamba mapato yatatumika katika bustani hiyohiyo. Pengine ni kweli tupu. Lakini wananchi walikuwa wamekwisha kuona kwamba ada ilizaliwa siku ile pengo la bajeti lilipozaliwa, na maelezo yanayokuja baada ya bei hayaaminiki kama yale yanayoitangulia.

HAKUNA MAEGESHO YA BURE

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kumsikiliza mlalamikaji peke yake. Wako wanaosema kwamba ada hizi zifutwe zote. Sisi hatukubaliani nao, na tuna sababu.

Mahali pa kuegesha gari ni ardhi, na ardhi ina mwenyewe. Katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, bustani ya wanyama ilianza mwaka 1906 kwa dubu mmoja aliyefungwa mnyororo kwenye mti ndani ya Overton Park. Bustani ilikua, wageni wakaongezeka, na uwanja wa kuegesha haukutosha. Basi siku zenye watu wengi motokaa zikaelekezwa kwenye uwanja mkubwa wa majani ambao wananchi huutumia kwa kupumzika na kucheza. Mambo yakaendelea hivyo miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2014 watu wakaanza kukaa majanini kwa makusudi ili kuzuia magari. Mwezi Januari 2016 bustani ya wanyama iling'oa miche 28 ya miti iliyokuwa imepandwa kwenye uwanja huo, na moto ukawaka. Kesi, vikao vya baraza, maandamano, vyote vilifuata, na polisi wakajikuta katikati ya raia wenye magari na raia wenye mikeka. Mapatano ya kukomesha kabisa kuegesha magari majanini hayakupatikana mpaka mwaka 2022.

Bristol nako, penye ile hadithi ya mtoza ada, hali ilikuwa karibu sawa. Magari ya wageni wa bustani ya wanyama yaliegeshwa kwenye majani ya Downs, ardhi ambayo sheria ya mwaka 1861 iliagiza ibaki wazi kwa wananchi. Wakazi walipinga kwa miaka mingi. Bustani hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1836, ilifunga milango yake katika mtaa ule mwezi Septemba 2022 na kuhamishia kazi zake nje ya mji, penye nafasi.

Tunajifunza nini? Kwamba mwenye gari asipolipa, atalipa mwingine. Atalipa mtoto aliyenyang'anywa uwanja wa kuchezea, au mtu aliyekuja kwa miguu ambaye tiketi yake imeongezwa bei ili kufidia lami ya wenye magari. Ada ya kuegesha, ikiwekwa kwa haki, humtaka mwenye kutumia nafasi ailipie. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni ada isiyojulikana mwenyewe.

SISI NA MALANGO YETU

Hapa Uganda tunayo bustani yetu Entebbe, iliyoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima na waliojeruhiwa. Askari wengi wanaifahamu kwa njia ya kazi, maana kasuku na kakakuona waliokamatwa mikononi mwa wafanya magendo wamepelekwa huko kutunzwa. Siku za Krismasi na Idi watu humiminika kwa mabasi na kwa magari madogo. Jirani zetu Kenya, katika hifadhi zilizo chini ya shirika la wanyamapori la serikali, hutoza magari kufuatana na idadi ya viti, na bei hutangazwa katika orodha ya wazi. Mtu anaweza kuipenda bei au kuichukia, lakini hawezi kusema kwamba hakuambiwa.

Sisi wenyewe tuliwahi kufika penye lango moja siku ya sikukuu, mahali ambapo hatutapataja. Kijana mwenye fulana ya rangi ya kung'aa alitusimamisha, akataja bei. Tulipoomba stakabadhi alitazama pembeni, kisha akataja bei ndogo zaidi. Hatua chache kutoka hapo alikuwapo askari aliyevaa sare, naye alikuwa akituangalia. Hatusemi kwamba askari yule alikuwa na fungu katika fedha zile. Tunasema tu kwamba watu wote waliokuwa kwenye foleni waliamini hivyo, na hakuna aliyewakanushia.

Hili ndilo jambo zito katika habari yote hii. Sare ni ushahidi. Mtu anapotoza fedha karibu na askari, wananchi huchukulia kwamba askari ameidhinisha. Tapeli analijua hilo, na kwa hiyo hutafuta kusimama karibu na sare. Fedha zinazopotea kwa njia hiyo ni chache. Heshima inayopotea ni nyingi, nayo haina stakabadhi.

Kwa hiyo tunatoa shauri. Askari anayepangwa kulinda mahali panapotozwa ada na aulize maswali matatu kwa mkubwa wake kabla ya kwenda zamu. Nani ameweka ada hii, na kwa amri gani? Bei ni kiasi gani, na imebandikwa wapi? Anayelipa anapewa stakabadhi gani? Akipata majibu hayo, ataweza kumjibu mgeni mwenye hasira kwa maneno machache na ya upole, na mara nyingi hasira hupoa mtu anapojibiwa. Asipoyapata, ni wajibu wake kueleza jambo hilo kwa wakuu wake kabla lango halijafunguliwa. Tena askari asipokee fedha kwa mkono wake hata mara moja, hata kwa kumsaidia karani aliyezidiwa na kazi. Kazi ya ulinzi na kazi ya ukusanyaji ni mbili, na anayezichanganya hujitia katika lawama asizoweza kuzifuta.

Wenye bustani nao wana sehemu yao. Kibao cha bei kiwekwe mbali na lango, mahali ambapo dereva bado anaweza kugeuza gari. Anayekuja kwa basi la abiria au kwa miguu apewe nafuu, maana hakuchukua nafasi ya mtu. Na mwisho wa mwaka watu waonyeshwe fedha zimefanya nini: choo kilichojengwa, ukuta uliotengenezwa, dawa za wanyama.

Yule mtu wa Bristol hakuwahi kuwapo. Lakini kila lango lisilo na kibao cha bei na stakabadhi humwandalia mahali pa kusimama, na kila askari asiyeuliza humwazima kivuli cha sare yake.