Kadi haijafa, haijaambiwa tu

Mtaniwia radhi kwa kimya changu, kazi za wateja zilinibana. Leo nimerudi na jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu, na kabla sijafika mwisho nitakiri kosa langu mwenyewe pia.

Jumamosi iliyopita binamu yangu alikuja kwangu na kipakatalishi chake mkobani. Ni cha mtumba, alikinunua kwa shilingi 48,000 baada ya kufanya kazi dukani kwa shangazi miezi minane. Alikichagua kwa sababu moja tu: kina kadi ya grafiki ya NVIDIA, GTX 1050. Lakini Minecraft ilikuwa inakwama kwama kama matatu kwenye matuta. Akampelekea fundi mmoja mjini. Fundi akasema kadi imekufa, akataka shilingi 18,000 aibadilishe. Wa pili akamshauri akiuze kabla hakijazimika kabisa.

"Kaka, nina mtu wa elfu ishirini na mbili," akaniambia. "Anakuja saa kumi. Nilitaka tu unifutie faili zangu."

Nikamwambia afungue mchezo kwanza. Ukibonyeza F3 ndani ya Minecraft, upande wa kushoto unaona idadi ya fremu kwa sekunde, na kulia unaona jina la kadi inayochora. Fremu zilikuwa 14. Na jina? Intel. Ile NVIDIA iliyomfanya atoe jasho miezi minane ilikuwa imelala fofofo. Hakuna aliyeiamsha.

Haya, wacha nieleze kwa wale ambao hawajui. Vipakatalishi vingi vya namna hii vina grafiki mbili. Ya kwanza ni ndogo, imo ndani ya prosesa yenyewe, inakula umeme kidogo. Ya pili ni kadi inayojitegemea, ina nguvu lakini inakula betri na kuwasha feni. NVIDIA walileta mpango wao wa Optimus mwaka 2010, ambao unaamua wenyewe ni grafiki gani itumike. Katika mashine nyingi za Optimus skrini imeungwa kwenye ile ndogo. Kadi kubwa ikichora picha, inampitishia mdogo wake ndiye aionyeshe. Kwa hiyo usidanganyike: kuona jina la Intel kwenye mipangilio ya skrini hakumaanishi kadi kubwa imeharibika.

Sasa kompyuta inajuaje kwamba programu fulani inahitaji nguvu? Hapo ndipo penye mtego. Draiva ya NVIDIA inakuja na orodha ya programu inazozijua. Mchezo mkubwa wa kampuni kubwa utaukuta humo. Mchezo ulioandikwa na vijana watatu chumbani kwao Nairobi hautaukuta. Usipokuwa kwenye orodha, na wewe mwenyewe usiposema lolote, unaweza kutupwa kwa ile grafiki ndogo.

Minecraft ya Java ina mtego wa ziada. Ile programu unayobofya si mchezo wenyewe, ni mlango tu. Mchezo unaendeshwa na faili iitwayo javaw.exe. Binamu yangu alikuwa ameshasoma mahali, akaipa ruhusa ile programu ya mlangoni, akaona hakuna kilichobadilika, ndipo akaamini maneno ya fundi.

Dawa yenyewe ni hii. Fungua mchezo, kisha fungua Task Manager, utafute mchezo kwenye orodha, ubofye kwa kitufe cha kulia na uchague "Open file location". Hapo utaijua faili ya kweli na mahali ilipo. Halafu nenda Settings, System, Display, Graphics, uiongeze faili hiyo na uchague "High performance". Mpangilio huu umo kwenye Windows tangu toleo la Windows 10 la Aprili 2018. Ufunge mchezo, uufungue tena. Na uchomeke chaja, kwa sababu kadi kubwa hupunguza mwendo ikiwa kwenye betri.

Tulifanya hivyo. F3 tena. Jina: NVIDIA. Fremu: zaidi ya 60. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akachukua simu akampigia yule mnunuzi.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Watu wanapenda kusema mtumiaji hajui kutumia mashine yake. Mimi nasema kosa ni letu sisi tunaoandika programu. Tangu mwaka 2012 draiva za NVIDIA zimeturuhusu kuomba kadi kubwa kutoka ndani ya programu yenyewe, hata kama haimo kwenye ile orodha. AMD nao wana njia yao ya namna hiyo hiyo. Kwa anayeandika C++ kwenye Windows, kazi yote ni hii:

extern "C" {
__declspec(dllexport) unsigned long NvOptimusEnablement = 0x00000001;
__declspec(dllexport) int AmdPowerXpressRequestHighPerformance = 1;
}

Basi. Mistari miwili ya maana. Sharti ni kwamba iwe ndani ya faili ya .exe yenyewe, si ndani ya DLL. Ndiyo maana mchezo wa Java hauwezi kujiombea: .exe ni ya Java, si yako. Hapo andika maelezo, maneno manne mchezo unapofunguka: "Unatumia grafiki ya Intel."

Na sasa kosa langu. Nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, na katika miaka yote minne chuoni sikuwahi kusikia habari hii. Nilipoanza kazi nilimwandikia mteja programu ya kuonyesha ramani za nyumba kwa pande tatu, ili wanunuzi waizungukie nyumba kabla haijajengwa. Kwenye kompyuta yangu ya mezani iliteleza kama samli. Kwenye kipakatalishi chake ilikwama. Nikamjibu kwa kiburi cha ujana: mashine yako ni dhaifu, nunua nyingine. Akachukua mkopo wa chama akanunua. Mwaka mmoja baadaye ndipo nilipokutana na mistari ile miwili, nikakumbuka kwamba mashine yake ya kwanza ilikuwa na kadi nzuri kabisa. Nilimpigia nikamweleza. Hakukasirika, alicheka tu, lakini mkopo alikuwa bado analipa.

Najua kuna atakayeniambia, "Lakini betri?" Ni kweli, na mimi nakaa mtaa ambao stima hupotea bila salamu. Siungi mkono kila programu ijitwalie kadi kubwa. Programu ya kuandika barua haina haja nayo. Kuanza na grafiki ndogo ni uamuzi wa busara. Ninachokataa ni mchezo mzito kunyamaza ukijua umepewa grafiki isiyouweza. Uombe kadi, au umwambie mwenye mashine, kisha yeye aamue.

Wenzetu wa Linux walihangaika zaidi. Mwaka 2012, kwenye Chuo Kikuu cha Aalto huko Ufini, Linus Torvalds aliulizwa kuhusu taabu za Optimus kwenye Linux, akaigeukia kamera na kuwaonyesha NVIDIA kidole cha kati. Ilipofika 2019, draiva yao ya 435 ikaleta njia rasmi: unaanzisha mchezo ukitanguliza __NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 na __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia. Kwa kadi za AMD ni DRI_PRIME=1.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujamlipa fundi, angalia ni kadi gani inachora. Na ukiambiwa kadi ya kipakatalishi "itabadilishwa", uliza vipi, kwa sababu katika vipakatalishi vingi kadi imelehemiwa kwenye bodi, si kitu cha kuchomoa na kuchomeka. Na wewe mwenzangu unayeandika programu, fungua msimbo wako leo hii uangalie kama ile mistari miwili imo.

Binamu yangu ameanza kutengeneza mchezo wake mwenyewe. Nimemwambia kitu cha kwanza kukiandika ni nini. Haya, stima zimerudi, wacha nimalize kazi za watu. Tuonane tena.