Matairi ya Theluji na Tope la Ilagala

Mwezi huu hatuzungumzi juu ya uji wa mtoto wala homa za usiku. Tunazungumza juu ya matairi. Tafadhali usifunue ukurasa mwingine! Wengi wetu tumezoea kusema, "Hayo ni mambo ya baba." Sisi nasi tulisema hivyo kwa miaka mingi, mpaka usiku mmoja wa Machi mwaka 2020 ulipotufundisha.

Ninyi mnaoishi huku kwetu mnazijua mvua zetu. Huanza mwishoni mwa Oktoba, hupumzika majuma machache Januari au Februari, kisha huendelea hadi Mei inapoingia. Msimu ule zilizidi kipimo. Ziwa Tanganyika lilipanda, na barabara za udongo zikawa kama sabuni iliyolowa.

Nyumbani tuna pikapu ya zamani. Mchana baba watoto huitumia kubeba mawese na dagaa. Lakini kwa kuwa katika nyumba hiyo anaishi muuguzi, usiku hugeuka kuwa gari la wagonjwa. Mtu hugonga dirisha, sisi tunajifunga khanga, baba watoto anatafuta ufunguo.

Usiku ule tuliitwa na akina mama wa kanisa walio upande wa Ilagala. Kulikuwa na mwenzetu mwenye mimba ya nne, na uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi. Gari jingine halikupatikana. Tulitoka Ujiji, tukapita Simbo, tukaingia barabara ya udongo. Kwenda tulifika. Kurudi, tukiwa na mgonjwa na mama mkwe wake, tulikuta kilima kimelowa. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, gari likageuka upande, likaingia mtaroni taratibu kama ng'ombe anayelala.

Majirani wa pale walitoka na majembe na matawi ya miti. Walisukuma kwa zaidi ya saa moja. Wakati wao wanasukuma, mtoto alizaliwa nyuma ya pikapu, chini ya turubai, kwa mwanga wa tochi. Alilia vizuri. Lakini mama akaanza kutoka damu kuliko kawaida. Tulimweka mtoto kwenye titi, tukasugua mji wa mimba kwa mkono, tukaomba kwa sauti. Tulifika hospitali ya mkoa pale Maweni kunakucha. Aliongezewa damu, akapona, na mtoto yule sasa anakimbia.

Tulisema, Mungu ni mwema. Ndivyo alivyo. Lakini asubuhi ile baba watoto aliizunguka pikapu akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma. Lilikuwa kipara kabisa. Hakusema neno, nasi hatukusema.

Sisi tulio wauguzi tulifundishwa kwamba mama mjamzito hupotea kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa njiani, na kuchelewa kupata huduma akishafika. Kwa miaka mingi tuliwafundisha wenzetu juu ya ule wa kwanza. Juu ya ule wa pili tulikuwa tukilaumu barabara tu. Hatukufikiri kwamba sehemu ya ule wa pili ilikuwa imeegeshwa uani kwetu, chini ya mwembe.

"HAYA NI YA ULAYA, MAMA"

Kiangazi kilifika, na vumbi likafunika kumbukumbu. Tusijidanganye, dada, ndivyo tulivyo wanadamu. Oktoba mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa Kongo, ndipo tulipokumbuka.

Tulikuwa tumeweka akiba shilingi laki tano na elfu ishirini. Ndani ya fedha hizo kulikuwa na mahitaji ya binti yetu, ambaye Januari angeingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Matairi mapya manne yangemaliza laki nane na zaidi. Hesabu haikukubali.

Pale Mwanga kijana mmoja wa matairi ya mitumba akatuonyesha manne kwa laki mbili na elfu themanini. Yalipendeza kweli. Kashata zilikuwa ndefu, mpira mweusi unang'aa. "Haya ni ya Ulaya, mama," akasema. "Ni ya theluji. Tairi linaloshika theluji, tope ni nini kwake?" Akatuonyesha ubavuni herufi M na S. "M ni matope, S ni theluji. Wazungu wenyewe wameandika!"

Baba watoto alifurahi. Matairi manne, na fedha za shule zinabaki. Sisi moyo ulisita, ingawa hatukuwa na sababu ya kueleza. Usiku tulibishana. Akasema, "Mama watoto, wewe ni muuguzi, si fundi." Nasi tukamjibu, "Na wewe ni dereva, lakini damu tuliyoifua ilikuwa kwenye khanga yetu." Halikuwa jibu la upole. Tulinuniana siku mbili.

Siku ya tatu tukakubaliana jambo moja: kabla ya kununua, tuulize watu wawili wanaojua.

TULICHOJIFUNZA

Wa kwanza alikuwa shemeji yetu anayeishi Uswidi. Tulimpigia simu, akacheka sana kusikia matairi ya theluji yanauzwa kando ya Ziwa Tanganyika. Akatueleza kwamba kule familia nyingi zenye gari zina seti mbili za matairi, moja ya kiangazi na moja ya baridi. Sheria inataka tangu tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, njia ikiwa na theluji au barafu, gari liwe na matairi ya baridi, na kashata yake isipungue milimita 3.

Sababu ni mpira wenyewe. Tairi la kawaida huanza kukakamaa hewa inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za sentigredi, na tairi lililokakamaa halishiki njia. Kwa hiyo la baridi hutengenezwa kwa mpira laini, na juu ya kashata huchanjwa mikato mingi myembamba ili iume theluji.

"Sasa huko kwenu," akauliza, "ni lini mlifika nyuzi 7?" Tukanyamaza. Huku ziwani hata usiku wa Julai hatukaribii huko. Akasema mpira ule laini ukikutana na lami yenye joto hulegea. Tairi huisha upesi, gari huyumba kwenye kona, na ukikanyaga breki linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Kisha akasema neno ambalo baba watoto hakulisahau: "Shemeji, mengi ya matairi hayo yamefika huko kwa sababu sisi huku tumeshayakataa."

Wa pili alikuwa mzee mmoja aliyeendesha malori miaka mingi kati ya Kigoma, Kasulu na Kibondo, enzi za kufunga minyororo kwenye magurudumu ili kupanda vilima vya tope. Tulimchukua hadi Mwanga. Alimsalimu yule kijana kwa adabu, akainama, akatafuta ubavuni tarakimu nne zilizofungwa ndani ya umbo kama yai. Zilisomeka 3609. "Sista, soma mwenyewe," akatuambia. "Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Juma la 36, mwaka 2009." Tairi lile lilikuwa na umri wa miaka 11! Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike likishapita miaka 10, hata kama kashata bado ni ndefu, maana mpira hukauka na kupasuka kwa ndani.

Tukamwuliza juu ya zile herufi M na S. Akasema kijana hakudanganya, herufi zile ni za matope na theluji kweli. Lakini mtengenezaji huziandika mwenyewe kwa kutazama umbo la kashata, bila tairi kupimwa kwenye tope. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndiyo inayotolewa kwa kupimwa, nayo hupimwa kwenye theluji tu. Akachukua udongo mwekundu uliolowa, akaubandika juu ya ile mikato myembamba. Ukaganda palepale. "Tairi la tope linataka mifereji mipana," akasema, "ili likizunguka liuteme udongo. Hili litaumeza, na kwenye kilima cha pili litakuwa kipara kama lenu."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifanya. Akaizunguka pikapu yetu, akakagua tairi moja moja. Ya nyuma yalikuwa yamekufa. Ya mbele yalikuwa bado mazima, yana kashata na miaka yake ni michache. "Nani aliwaambia mnahitaji manne?" akauliza.

TULIVYOAMUA

Tulinunua mawili mapya ya mifereji mipana, ya barabara za udongo na lami, kwa laki nne na elfu ishirini. Tukayafunga nyuma. Pikapu yetu husukumwa na magurudumu ya nyuma, na mkia wa gari ukishika njia, gari haligeuki upande kama lilivyogeuka usiku ule. Mzee alitukataza kuchanganya, tairi jipya upande mmoja na kuukuu upande wa pili wa ekseli moja.

Zikabaki shilingi laki moja. Binti yetu alikwenda shule na tranka la zamani la kaka yake, tulilolipaka rangi upya, na godoro jembamba. Alilia, maana wenzake walikuwa na vitu vipya. Hatukumficha. Tulimkalisha tukamweleza habari za yule mama, tukamwonyesha matairi. Hakusema amefurahi. Alisema tu, "Sawa, mama." Godoro jingine tulimpelekea Aprili, baada ya kupokea zamu yetu ya upatu.

Je, tope lilitushinda tena? Tusikudanganye kwamba tairi jipya ni muujiza. Februari mwaka 2021 tuliitwa tena upande uleule, safari hii kwa mtoto mwenye homa kali ya malaria. Tulikipanda kilima kile taratibu, kwa gia nzito, bila kukanyaga breki ghafla, tukafika. Mwezi uliofuata, baada ya mvua ya mawe, tulisimama juu ya kilima hichohicho tukangoja karibu saa mbili maji yapungue, kwa kuwa tulikuwa tumebeba magunia tu. Gunia linaweza kungoja. Kupima nani anaweza kungoja na nani hawezi ni sehemu ya udereva pia.

MAMA, KAGUA MWENYEWE

Hata kama hujui kuendesha, hata kama chombo ni bajaji au pikipiki ya mwanao, mambo haya yako ndani ya uwezo wako.

Kwanza, tazama kashata. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira. Kashata ikiwa sawa na vituta hivyo, imebaki milimita 1.6 tu, na tairi limekwisha. Kwa mvua zetu usingoje hata kufika hapo.

Pili, soma zile tarakimu nne, hasa la mtumba. Muuzaji akikuzuia kusoma, ondoka.

Tatu, pitisha mkono ubavuni. Ukikuta uvimbe au nyufa, usipakie watoto.

Nne, upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa la baridi. Kipimo kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Tairi lenye upepo pungufu hupata joto na kupasuka.

Tano, uliza kama spea ina upepo na kama jeki ipo. Spea yetu tuliikuta imelala bapa, na hatujui tangu lini.

Na ukiwa abiria, usiogope kutazama. Hiace ikija na vipara siku ya mvua, subiri inayofuata. Kuchelewa arusi ni aibu ndogo.

Katika torati, kitabu cha Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ajengaye nyumba aliagizwa kuweka ukingo juu ya paa, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Zamani tulipita haraka juu ya agizo hilo, maana nyumba zetu ni za bati na hakuna anayetembea juu yake. Siku hizi tukilisoma tunaiona pikapu uani. Wewe unaona nini uani kwako? Pengine si tairi. Pengine ni ngazi iliyolegea, kisima kisicho na mfuniko, au mtumbwi wa mume wako usio na jaketi za kuokolea maisha. Mvua hazijaanza. Toka ukatazame leo, kisha ukae na baba watoto mhesabu pamoja.

Na mkinuniana, msivuke siku mbili kama sisi. Tafuteni mzee wa kumwuliza.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.