RAW au JPEG? Maoni yangu kwa wanaoanza kupiga picha

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu. Kila mara kuna rafiki anayenunua kamera na kuniuliza: nihifadhi picha kwa JPEG au RAW? Na Photoshop nitaitoa wapi?

Kwanza nikiri kosa langu. Nilipoanza, nilimpiga nyanya yangu picha akiwa ameketi nje ya jikoni, anacheka. Nikaipunguza iwe na upana wa pikseli 800 ili niitume kwa barua pepe, kisha nikabofya kuhifadhi. Faili ikabaki na jina lilelile, na kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta. Nyanya alipofariki, familia ikaitaka picha ile iwekwe kwenye fremu. Pikseli 800 zikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, hazifiki hata sentimita 7. Fundi wa studio alijaribu kuikuza, uso ukawa viraka viraka. Tulitumia picha ya kitambulisho.

Ndiyo maana nina msimamo mkali: nakala asili haiguswi.

Sasa, fomati. JPEG, ambayo kiwango chake ni cha mwaka 1992, hutupa sehemu ya data ili faili iwe ndogo. Ukiihariri na kuihifadhi tena, hutupa nyingine. Kila rangi, yaani nyekundu, kijani na buluu, ina viwango 256 tu. RAW ni data ya kihisi cha kamera kabla haijapikwa. Kamera nyingi huirekodi kwa biti 12 au 14, yaani viwango 4,096 au 16,384. Uso ulioingia kivulini mchana wa jua kali unaweza kuuokoa.

Kwa sisi waandika programu, RAW ni msimbo chanzo na JPEG ni programu iliyokwisha kujengwa. Nani hufuta msimbo wake eti kwa sababu programu inafanya kazi?

Wapo wanaosema RAW ni mzigo kwa anayeanza. Ni kweli faili zake ni kubwa na hazifunguki kila mahali. Lakini kamera nyingi hukuruhusu kuhifadhi zote mbili kwa pamoja. JPEG utume leo, RAW uiweke.

Kuhusu programu, usihangaike na Photoshop ya wizi iliyojaa virusi. Tangu 2013 Adobe iliamua matoleo mapya yawe ya kulipia kila mara, na anayeanza hana haja nayo. Kwa RAW tumia darktable au RawTherapee, zote ni huria na za bure. Darktable haibadilishi faili yako. Huandika maagizo yako kwenye faili ndogo ya kando. Kwa kazi nyingine kuna GIMP, iliyofikia toleo 3.0 mwezi Machi 2025. Ukibofya kuhifadhi, GIMP hutoa XCF, fomati yake yenyewe. Ukitaka JPEG lazima uitoe kwa makusudi. Watu hulalamikia hilo. Mimi naliona ni baraka, kwani lingeniokolea picha ya nyanya.

Kadi usiifute kabla hujawa na nakala mbili, mahali pawili. Haya, asiyekubaliana nami na anikosoe.